Njia ya Dawa Kwenda Ubongoni

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Masasi, Matroni alinikabidhi ufunguo wa kabati la dawa za kifafa. Akaniambia nisiogope mgonjwa akianguka, niogope kabati likiwa tupu. Nilikuwa binti wa Lulindi, nimetoka chuo cha uuguzi najiona najua kila kitu. Asubuhi hiyohiyo mtu alianguka barazani, watu wakatawanyika wakiogopa kuambukizwa na povu lake. Nikamlaza ubavu, nikakaa naye mpaka akazinduka. Kifafa hakiambukizi, na hilo nimelisema mpaka nikastaafu.

Miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, nilihamishiwa Newala. Dawa zikipungua hospitali, watu walinunua kwenye maduka yaliyochipuka stendi. Mkuu wangu, Mganga Mfawidhi, alikuwa na moyo mzuri na maneno mengi kupita kiasi. Aliwaeleza wagonjwa kwamba ubongo una ukuta wake, na si kila kilichomo kwenye damu huruhusiwa kuvuka. Fenobabitoni, dawa yetu ya kifafa, ni miongoni mwa zinazovuka. "Lazima iingie ubongoni," alisema kila kliniki, huku akijigonga kichwa kwa kidole.

Miongoni mwa wagonjwa wetu wa kifafa alikuwamo msichana mdogo, Somoe, aliyelelewa na bibi yake. Alikwisha kuungua mkono kwa kuangukia motoni. Wenzake walikuwa waingie unyago mwaka uliofuata, na kungwi alikwishasema hampokei mtoto wa kuanguka. Kwetu, msichana asiyepita unyago hubaki mtoto hata akizeeka. Bibi alituomba tumwahi.

Kila mwezi tuliongeza kipimo, na kila mwezi Somoe alianguka vilevile. Kipo kifafa sugu, ambacho mgonjwa hutumia dawa zake vizuri na bado kikagoma. Mganga Mfawidhi alianza kuamini ndicho hiki. Siku nyingine aliyalaumu maduka, kwamba ruksa imetuletea vidonge bandia vya chokaa. Kwa vidonge vile mtoto alipaswa awe anasinzia, lakini Somoe alikuwa macho makavu, anatania foleni nzima.

Siku moja alikuja na jeraha kisogoni. Mganga akaomba kilemba kifunguliwe. Kati ya nywele tukaona chale mbichi, zimepangwa vizuri, zimejaa unga mweupe. Akamwuliza bibi hiyo ni dawa ya fundi gani wa kienyeji.

"Ya kwako, mwanangu. Naisaga, namchanja, naipaka. Mwenyewe ulisema iingie ubongoni. Sasa tumboni na ubongoni wapi na wapi?"

Kidole cha Mganga Mfawidhi kilikuwa njiani kwenda kichwani; akakishusha. Kwetu goti likiuma, huchanjwa goti. Bibi alifuata anachokijua. Mimi nilishusha pumzi mpaka nikacheka, maana kumbe dawa ilikuwa haijajaribiwa kabisa. Kisha nikafikiria ingekuwaje kama angemeza vidonge vyote vile kwa mkupuo.

Mganga akamweleza taratibu kwamba kidonge kikimezwa huingia kwenye damu, na damu ndiyo hupanda nacho kichwani. Bibi akauliza kwa nini hakusema hivyo tangu mwanzo. Tukaanza upya na kipimo kidogo cha jioni. Wiki za mwanzo Somoe alisinzia, bibi akaja kutushitaki, nasi tukafurahi. Miezi ikapita hajaanguka, na kungwi akalainika.

Tangu hapo, hata niliporudi Masasi, hakuna niliyemwongezea kipimo kabla hajanionyesha anavyotumia dawa yake. Wapo waliomeza vizuri na kifafa kikabaki sugu. Hao tuliwapa rufaa, wengine hawakupata nafuu, na wananiuma hadi leo. Lakini wauguzi vijana wakija kunisalimu, huwasimulia siku wali, wasichana wa unyago ule, walipotolewa ndani. Nilialikwa. Somoe alicheza katikati ya wenzake na kanga mpya, vumbi linatimka. Bibi yake aliketi karibu nami, ananisimulia mikorosho yake ilivyochanua, amempa mjukuu wake mgongo. Tangu nimfahamu, sikuwa nimewahi kumwona akimwondolea Somoe macho, asije akaanguka.