Moto wa Harusi ya Jaya

Enzi zetu pale Guangzhou, mwishoni mwa miaka ya tisini, Waswahili wa mtaa wa Xiaobei tulikuwa wa kuhesabika, na harusi ya mmoja ilikuwa ya wote. Kwa hiyo Jaya, binti wa majirani zetu Wahindi waliotoka Kisutu, Dar es Salaam, alipokaribia kuolewa, sisi watoto wa Kiislamu ndio tuliotwanga manjano ya kumsinga. Ngazi nzima ilinukia samli na ladu. Mwalimu wetu Mchina alipoona vidole vyetu akadhani tunaumwa ini.

Siku yenyewe furaha ikaingia mchanga. Maharaji, kuhani wao aliyetoka Hong Kong, alikuwa amesema saa njema inaisha adhuhuri. Ikipita, maharusi wangoje miezi. Na ndoa ya Kihindu haifungwi bila kuuzunguka moto. Mlinzi wa jengo alipoziona kuni ukumbini akatikisa kichwa: "Bu xing." Haiwezekani. Baba yangu akambembeleza, baba yake Jaya akambembeleza, wapi! Jaya nilimpenda kama dada yangu wa damu, na jua lilizidi kupanda.

Ndipo mama mwenye nyumba, Mchina, akatuita uani. Alikuwa na ndoo ya bati aliyochomea karatasi za kuwakumbuka wafu wake, na moto wa pale haukukatazwa. Mama Jaya alipoelewa ni ndoo ya nini, akashika ukuta.

"Mwanangu azunguke moto wa maiti?"

Maharaji akasema moto ni safi popote uwashwapo, ila alisema kwa sauti ndogo. Mwishowe Jaya mwenyewe akakusanya sari yake nyeupe yenye pindo jekundu.

"Twende, mama. Muda unakwisha."

Wakazunguka, yeye na bwana harusi, sisi tukiwarushia mchele huku macho yote yako kwenye ile ndoo. Vigelegele vilichelewa sana.

Siku hizi vijana wetu wanawasha moto wa taa za umeme ukumbini, na wanachohofia ni betri ya kamera. Nawaonea wivu. Jaya alihamia India na mumewe, ndoa imedumu, watoto wamekua. Lakini mama yake, mpaka anafariki, kila binti yake alipompigia simu alimuuliza kwanza, kabla hata ya salamu: "Mumeo mzima?"