Ordinateri Mupya Niliijua Mbele Haijafika

Mi niko na miaka sabini na moja. Vita mbili zilinipita, redio ine zilinifia mukononi. Ordinateri, ile kompyuta, njo itanishinda?

Musikilize, bandugu.

Leo tulipata ruhusa ya kutoka Dzaleka, kambi yetu ya bakimbizi, ya siku moja tu. Binti yangu Riziki anataka kufungua sekretaria hapa kambini, aandikie bantu barua.

Kule soko ya Area 23 muuzaji alikuwa na ordinateri moja tu, ya mukono wa pili.

"Baba, hii inatosha," Riziki akasema.

Mi nikakatala! Hii ni ya zamani, mupya iko njiani. Mupya itakuwa na memware ya kutunza mambo mara mbili, batri ya asubuhi mupaka jioni, na diske haitalia tena kama kinu.

"Nani alikuambia, bambo?" muuzaji akauliza. Bambo njo baba kwa luga yao.

"Kichwa yangu!"

Bantu bakajaa, bakapiga makofi. Nikaongeza na kioo ya kugusa kwa kidole.

Kugeuka hivi, mama moja wa Mponela ameshailipia ile ordinateri, ameifunga mu kitenge, anaenda.

"Sasa mupya inafika lini?" nikamuuliza muuzaji.

"Sijui, bambo. Zikomo," akanipa asante yao.

Kurudisha neno langu siwezi, soko nzima ilisikia.

Njiani Riziki akasema, "Baba, tunangojaka liste ya kuhamia inchi ingine toka niko mutoto. Sasa tungoje na ordinateri?"

Kisha akatembea mbele yangu mupaka kambini.

Hii naandika mi mwenyewe, mu telefone, kwa kidole kimoja, Riziki amekatala kuniandikia na kunisemesha. Mukisema ni bongo, ni uwongo, mumuulize yeye.

Akibajibu, muniambie alisema nini.