Nilimuua kaka yangu pembeni ya barua

Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Nilimuua kaka yangu saa nne asubuhi, ndani ya barua, huku nikinywa chai. Nisikilizeni kwanza, matusi mtanipa baadaye.

Nina ofisi ndogo hapa Baraka, mji wa kando ya ziwa: kompyuta moja, printa moja, paneli ya sola juu ya bati. Nachapa barua za watu. Kaka yangu mkubwa ni mvuvi kule Ubwari, ng'ambo ya maji. Binti yake, nimwite Riziki, alikuwa anaomba kuingia shule ya wauguzi yenye nafasi chache za kusoma bila karo. Aliniletea mimi, shangazi yake, barua aliyoiandika kwa mkono.

"Tantine, unipigie hii tu ku mashine."

Tu! Mimi na "tu" hatujawahi kuelewana.

Riziki alikuwa ameandika kwamba siku mama yake aliposhikwa na uchungu wa kumzaa mdogo wake, baba alipiga makasia kutoka Ubwari mpaka hospitali ya Baraka, akafika viganja vinatoka damu. Kuanzia siku hiyo akataka kuwa muuguzi. Nikaona ni maneno mazuri, ila hayana huzuni ya kutosha. Nafasi za bure ni za yatima, nikajiambia. Nani aliniambia? Hakuna. Nikaifuta sentensi ile, nikaandika kwamba baba alizama ziwani. Riziki sikumwambia kitu.

Sasa, kompyuta yangu inaweka alama kwa kila ninachobadilisha. Neno la zamani linapigwa mstari mwekundu, jipya linakaa kando yake, pamoja na jina langu na saa. Niliipanga hivyo ili wateja waone jasho langu. Na pembeni huwa najiandikia maoni. Siku ile niliandika: "Hapa baba afe. Mtumbwi unatosha." Chini yake nikaongeza: "Asife mapema! Afe baada ya binti kupata diploma ya sekondari, la sivyo watauliza nani alimsomesha."

Nilipomaliza nikabonyeza pale pa kuficha alama. Wekundu wote ukapotea, barua ikawa safi. Kumbe kuficha si kufuta, jamani! Nikaituma hivyo hivyo, na salamu za heshima juu yake.

Riziki akaitwa kuhojiwa. Mkurugenzi wa shule, mama mmoja, alimgeuzia kompyuta. Kwake alama zote zilikuwa wazi. Mtoto wa watu akasoma kifo cha baba yake, saa aliyokufa, na jina la shangazi aliyemuua.

"Papa yako iko hai?"

"Ndiyo, mama. Leo asubuhi ye ndiye alinisindikiza."

Mkurugenzi alimwambia hawakuwa wanatafuta yatima, walikuwa wanatafuta wauguzi. Faili likafungwa. Mwaka wake ukaenda hivyo, na sasa anaanika ndagala, dagaa wa hapa ziwani, na mama yake.

Wiki iliyofuata kaka alivuka kwa mtumbwi akaja ofisini. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi ya wateja, watu wawili walikuwa mbele yake, akangoja zamu. Ilipofika akaniuliza:

"Dada, mi nilikufaka lini?"

Nikajifanya napanga karatasi za printa.

"Uniambie tu siku, bibi yangu, mama Riziki, aanze kilio."

Akaondoka. Niliona aibu, nikalia mbele ya wateja mpaka mmoja akachukua fotokopi zake mwenyewe na kwenda. Kaka hajakanyaga hapa tena. Ole wangu!

Wenzangu mnaochapa, kabla ya kutuma barua ya shule kubalini mabadiliko yote, futeni maoni yote ya pembeni, kisha ifungueni kwenye kompyuta nyingine mtazame. Mimi nafanya hivyo kila siku sasa. Ningefanya siku ile nisingekamatwa, na Riziki angeingia shule akiwa yatima wa baba aliye hai. Hilo nalo linaninyima raha.

Juzi Riziki alikuja na barua mpya ya shule nyingine. Printa nyingine ya karibu ilikuwa imeharibika, ndiyo maana alikuja kwangu. Alivuta kiti akakaa ubavuni mwangu, macho kwenye vidole vyangu. Nilipofika kwenye makasia akasema polepole:

"Tantine, hapo usiguse."

Sikugusa. Nanyi msiguse.