Madoa Yetu

Harufu kali ya dawa ya munganga wa meno, hapa Butembo, inanirudisha nyuma ya jiko la mama, nikiwa mutoto. Nilikuwa ninasugua meno na ndimu na majivu, sababu ku masomo balikuwa banacheka madoa ya kahawia yenye maji ya chemchemi yetu ilituachia.

Siku moja Mama akarudia kutoka ku morgue, kwenye alienda kutafuta maiti ya dada yake. Akaninyanganya ndimu, akafungua kinywa changu, akaangalia jino kwa jino.

« Acha, mwanangu. Uso yake haikukuwa tena. Nilimujua na madoa ya meno. »

Sasa munganga anauliza kama atoe madoa yote. Binti yangu, mwenye kulala ku kiti yake, anaitika na kichwa.

« Acha moja, docteur », ninasema. « Ile ya pembeni. »