Dari la Mke wa Kwanza

Nilipoolewa katika nyumba ile ya Busia, mke wa kwanza alikuwa ameshaondoka na vitu vyake vyote. Alibeba makochi, mapazia, hata misumari ya kutundikia picha. Kilichobaki ni dari la sebuleni, kwa sababu halikuweza kupakiwa kwenye lori.

Lilikuwa la slabu ya simiti, maana mume wangu alitarajia siku moja kuongeza ghorofa. Upande wake wa chini kulikuwa na plasta nene nyeupe iliyochorwa nusu duara nyingi zinazopandana, mfano wa magamba ya samaki. Wifi yangu ndiye aliyenieleza habari zake, siku ya kwanza kabisa nilipomkaribisha chai.

"Huyo mama alikuwa na mkono," alisema, kichwa kakiinua juu. "Alisimama juu ya meza na mimba ya mtoto wake, akachora moja moja mpaka akamaliza."

Niliitikia vizuri, nikamwongezea chai. Lakini tangu hapo sikuweza kukaa sebuleni kwa raha. Mume wangu ni wakala wa forodha kule Malaba, na akirudi jioni hupenda kulala chali kwenye kochi, macho juu. Namuuliza, "Unaangalia nini?" Anajibu, "Siangalii kitu, nimechoka tu." Mimi namwona anaangalia kazi ya mikono ya mwanamke mwingine, na chakula changu kinapoa mezani.

Niliishi hivyo miaka. Nilibadilisha makochi, nikapaka kuta rangi ya maziwa, nikanunua taa mpya. Kila mgeni aliyeingia aliinua kichwa na kusifu dari.

Kisha binti yao, ambaye sasa ni muuguzi katika hospitali ya Kocholia na ambaye huniita mama mdogo, akatuletea habari kwamba amepata mchumba. Wazazi wa kijana wangekuja kwetu kujitambulisha. Na mama mzazi wa binti angekuja kutoka Port Victoria, anakouza samaki, akae na sisi kama desturi inavyotaka. Nilimfurahia binti. Halafu nikamwona mamake akilini, ameketi kwenye kochi langu, anainua macho na kukuta mkono wake bado unatawala nyumba yangu.

"Mzee," nilimwambia mume wangu, "hilo dari lina madoa. Tulikwangue kabla wageni hawajaja."

"Tulikwangue kwani limeanguka?"

"Lina madoa ya maji. Watu watatuonaje?"

"Paka rangi, mama. Yaishe."

Kwangu hayakuisha. Alipoenda kazini nilimwita fundi wa pale barabarani. Alibandua kipande, akakisugua vidoleni, akasema ni jasi tu iliyopakwa rangi, na nisithubutu kukwangua ikiwa kavu kwa sababu vumbi lingeingia mapafuni. Nilowanishe, ningoje, ndipo nikwangue. Yeye mwenyewe alikuwa na kazi nyingine mpaka wiki iliyofuata. Mimi sikuwa na wiki ya kungoja.

Nilitoa makochi nje, nikatandika turubai sakafuni, nikafunga barakoa. Kwa jirani niliazima pampu mpya ya kunyunyizia mahindi, isiyowahi kutiwa dawa. Nikapanda juu ya meza, nikanyunyiza kona ya karibu na mlango, nikangoja maji yanywewe. Nilipopitisha skrepa, kile kibapa cha chuma cha kukwangulia, plasta ilitoka kwa mkanda mrefu, laini kama uji mzito, ikaanguka chini pwaa. Sijui kama nimewahi kufurahia sauti kama ile. Kila gamba lililoanguka nililitazama likianguka.

Furaha ilidumu mpaka saa za mchana. Shingo ilikakamaa, mikono ikawa haiinuki, maji meupe yalinitiririkia mpaka kwenye viwiko. Katikati ya chumba mtu alikuwa amepaka rangi ya mafuta, maji hayakupenya, ikabidi nikwaruze kwanza juu juu ndipo nilowanishe tena. Nilikuwa napigana na sehemu hiyo mume wangu alipofungua mlango.

Alitazama dari, nusu lake simiti tupu, nusu bado magamba. Akanitazama mimi. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa maneno.

"Shuka," alisema.

Nilishuka. Alivua shati, akachukua skrepa mkononi mwangu, akapanda mezani na kuendelea nilipoachia. Alikwangua polepole, kiganja kimoja kimegusa dari. Wivu ulinipanda upya.

"Mbona unalibembeleza?"

"Nikiharakisha nitachimba simiti," alijibu bila kugeuka.

Tulimaliza pamoja. Baadaye akapiga lipu laini, na ilipokauka tukapaka rangi nyeupe. Chumba kikaonekana kikubwa.

Mamake binti alifika asubuhi ya siku ya wageni na kapu la samaki wabichi aina ya ngege. Hata hakuwa amekaa, akainua kichwa.

"Yale madude yameenda wapi?"

"Tuliyakwangua," nilisema, nikiwa nimesimama wima.

Aliweka kapu chini, akapiga makofi. "Asante, dada! Nilimwambia huyu mzee miaka yote ayatoe, akakataa. Ni yeye alichora. Mimi nilishika meza tu asianguke."

Mume wangu alikuwa ametokea koridoni. "Ulisema yanafanana na samaki aliyeoza," alimwambia.

"Na yalifanana!"

Wakacheka wote wawili. Kicheko chao kilianza pamoja na kuisha pamoja. Kisha mamake binti akamuuliza mume wangu, "Yule mama wa chapati pale karibu na ofisi yako bado yupo?" Akajibiwa yupo, amenenepa. Mimi nilikuwa pale na trei ya vikombe, nikitabasamu. Nilikuwa nimeondoa dari zima, na kile nilichokuwa nakitafuta hakikuwa kwenye dari.

Wageni walikuja, wakapokelewa vizuri, binti akatoka amependeza kuliko wote. Samaki tuliwapika mimi na mamake, na lazima niseme anajua kupika.

Walipokwisha kuondoka nilimuuliza mume wangu kwa nini hakuniambia ile kazi ilikuwa yake.

"Hukuniuliza."

"Dada yako alisema ni ya mamake binti."

"Dada yangu alikuwa mtoto wakati huo, alijua nini?" Akainua macho juu. "Ukitaka nitakuchorea lingine chumbani."

Nilikataa. Sikutaka kitu ambacho mwingine alikuwa amekikinai. Nilimwambia kesho yake anipeleke Malaba nikaone anakofanyia kazi, kwa sababu katika miaka yote ile sikuwa nimewahi kufika, na mwenzangu alipajua mpaka muuza chapati. Alishangaa, lakini akanipeleka. Tulipita kando ya foleni ndefu ya malori mpaka kwenye kibanda cha yule mama wa chapati, tukaketi kwenye benchi lake, nikaagiza chapati mbili na chai, nikala taratibu, mpaka mama yule akauliza mimi ni nani. Mume wangu akamwambia, "Ni mke wangu."