Kichwa cha Mhindi Kimemleta Mwanajeshi Dukani Kwangu

Mhariri, jina langu lifiche kabisa, na dereva aliyekuletea barua hii usimtaje hata kwa gari lake. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, mjane mwenye watoto wawili, fundi wa kushona, nakaa Old Kampala. Tena ni Mnubi. Babu zetu waliletwa huku na Waingereza kuwa askari. Siku hizi wakubwa wengi wa jeshi ni wa kwetu, kwa hiyo ukisema wewe Mnubi, majirani wanadhani serikali imekupa duka na gari. Mimi sijapewa hata kopo, wallahi, ila wivu wa watu ninao wa kutosha.

Wahindi walipofukuzwa, duka la jirani Mhindi lililokuwa la kushona maturubai alipewa mke wa askari mmoja. Yeye alitaka kuuza magauni. Nyuma ya duka kulikuwa na cherehani kubwa ya kiwandani, ile ya mota, imeota kutu, panya wamezaa ndani ya droo yake. Akaniambia, "Dada, ondoa chuma hii, inaniharibia nafasi." Nikamlipa mkono kwa mkono, bila karatasi. Nani anamdai karatasi mke wa askari?

Fundi wangu wa mashine ni Salongo. Hilo si jina lake, huku kila baba wa mapacha anaitwa hivyo, kwa hiyo hamtamjua. Ni Muganda mpole, Kiswahili chake cha kuombea maji. Tuliilowesha ile mashine kwa mafuta ya taa, tukaisugua kwa msasa mpaka vidole vikachubuka, na mota akaisuka upya kwa waya wa shaba. Kikabaki kile kidude cha chini kinachodaka uzi, kilikuwa kimemeguka. Ikabidi tupeleke kichwa kwa mchonga vyuma, Bugolobi.

Mnaoshona mnajua kichwa ni nini. Ni ile sehemu ya juu yenye sindano, na kile kidude kimo tumboni mwake. Meza na miguu yake ndiyo mwili. Salongo akakifungua, akakitia ndani ya gunia, akalifunga kwenye baiskeli. Mimi nikafuata kwa miguu na kikapu cha vipuri. Karibu na reli tukakuta kizuizi cha askari.

"Wewe nabeba nini?" askari akauliza.

"Kichwa, afande," Salongo akajibu.

"Kichwa ya nani?"

"Ya Muhindi."

Gunia lenyewe lilikuwa linachuruzika mafuta meusi.

"Na mwili iko wapi?"

"Mwiri iko kwa mama huyu, Old Kampala."

"Nani alitoa kichwa?"

"Mimi mwenyewe, na sipana. Sasa naperekea fundi."

Bunduki zikakokiwa. Salongo akalazwa kifudifudi barabarani, buti shingoni, na bado anajibu "ndiyo afande" kwa adabu zake zote. Nikapiga kelele, "Charani, afande! Kichwa ya charani, ya kushona!" Wakalipasua gunia. Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Mkubwa wao, mtu mrefu, aliposikia lafudhi yangu akanishika bega. "Dada, wewe Mnubi? Mtu yetu. Peleka kichwa yako."

Nyumbani sisi pia tulicheka, kicheko cha kutetemeka. Kidude kikachongwa, mashine ikapona, ikawa inapita kwenye turubai kama inashona kanga. Wateja wakaja mpaka kutoka Kabalagala. Nilifurahi jamani, sioni haya kusema. Kumbe ulimi hauna mfupa, kisa chetu kilikuwa kinachekesha kambi nzima.

Yule mkubwa akaja na Landrova kuona kichwa cha Mhindi. Salongo alikuwa ametoka kutafuta mafuta ya mashine. Afande akaitazama ikishona, na safari hii hakucheka. "Mali ya Wahindi ni ya serikali. Karatasi iko wapi?" Nikamwonyesha aliyeniuzia, amesimama mlangoni pake. Yule mama akatikisa kichwa: "Mimi sijauza kitu." Alikuwa anatetemeka, lakini alisema.

Afande akapunguza sauti. "Dada, wewe mtu yetu, sitaki kuharibia wewe. Sema tu Muganda ndiyo aliiba. Yeye mwenyewe alikubali mbele ya askari yangu. Nani alitoa? Mimi mwenyewe, na sipana. Sasa wewe sema ndiyo, mashine naenda kambini, na wewe nashona huko. Ukikataa, nyinyi wawili wote wezi." Amekwenda kaskazini kikazi. Akirudi anataka jibu.

Huku mwizi wa mali ya serikali hapelekwi kortini, anatiwa ndani ya buti la gari na haonekani tena. Nikikimbilia kwenu Kenya na wanangu, Salongo anabaki na maneno yake mwenyewe shingoni. Nikimwambia akimbie, kukimbia kwake kutakuwa ushahidi, na watamchukua mkewe, Nalongo kama aitwavyo huku kila mama wa mapacha, pamoja na watoto wenyewe. Kaka yangu ananiambia, "Sema ndiyo, uishi. Huyo si wa kwetu." Neno hilo limeniuma kuliko vitisho vya afande, maana usiku nimejikuta nalifikiria.

Salongo hajui lolote. Juzi aliniona siongei, chai imepoa mbele yangu, akaweka chini kopo la mafuta. "Mama, nani alikukosea? Niambie, mimi naenda naongea na yeye." Nikamwambia ni jino tu. Leo asubuhi amekuja na majani ya dawa yaliyofungwa kwenye jani la ndizi. Nalongo ameyachuma alfajiri kwa ajili yangu, na Salongo amesimama hapa anangoja niyatafune.

Wasomaji, wakubwa kwa wadogo, niambieni nimjibu nini yule mtu akirudi. Jino haliniumi.