Kengele ya Saa Tatu

Mimi ni mwalimu wa historia, na ugonjwa wangu ni kukosoa. Nikiona tangazo la mazishi lenye tarehe iliyokosewa, natoa kalamu kabla sijatoa pole. Mke wangu husema nitakosoa hata jeneza langu. Dada yangu, kitinda mimba wetu, ana msemo wake: akili ni nywele, kila mtu ana zake. Akishausema, anakitazama kipara changu.

Yeye ni fundi wa nguo huko Mutuini, pembezoni mwa jiji. Anashona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, na kwa miaka mingi, kila cherehani iliponyamaza, alichora manga, zile hadithi za picha za Kijapani. Alizisoma kwenye simu, akajifunza kuchora kwa kuiga. Hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa yake mwenyewe: fundi wa Mutuini anasinzia kwenye cherehani, anaamka Ulaya miaka mia saba nyuma, katika mji wenye ukuta mrefu na mnara wa kanisa.

Kulikuwa na ofisi Westlands iliyokuwa ikikusanya hadithi za wachoraji wa huku ili zitoke katika kitabu kimoja. Sharti lao lilikuwa kwamba hadithi ya zamani isiwe na makosa ya historia. Basi dada yangu akanifuata katikati ya mji, kwenye mkahawa karibu na shule yangu, akaweka bahasha mezani. Ndani mlikuwa na kurasa arobaini za karatasi ngumu.

"Ticha, nicheckie hii kitu kabla nipeleke Friday ile ingine," akasema. Nilimfundisha darasani miaka miwili, na jina hilo halikunitoka tena. "Na usinihurumie."

Sikumhurumia. Nilianza na aibu, kwa kuwa nilisoma kurasa nne nikiona mvua inarudi mawinguni na watu wanajibu kabla ya kuulizwa, nikaandika "mpangilio mbovu", ndipo nikakumbuka kwamba manga husomwa kutoka kulia. Hasira ya kukosea ikanitia bidii. Nikageuza karatasi, nikaanza upya, na kalamu nyekundu ikafanya kazi.

Wakulima wake wa Ulaya walikuwa wameketi kuzunguka chungu cha muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, kama tulivyolishwa na susu, nyanya yetu, kule Ukambani. Nikafuta. Mahindi yalitoka Amerika, na wakati ule hata susu wa susu yetu hakuwa ameyaona. Maharagwe yale vilevile. Nikafuta viazi, nikafuta nyanya za mboga. Katika hayo yote nilikuwa sahihi, na nayasema ili ijulikane kwamba sikuwa mjinga kabisa.

Kisha nikafika kwenye kengele. Fundi wake hakuwa peke yake kule. Kulikuwa na msafiri mwingine wa zama zetu, mwanamume mwenye saa ya mkononi, kipara, mjuaji wa kila kitu. Wote wawili wanaambiwa na mtawa kwamba gari la kuwarudisha nyumbani litatoka langoni kengele ya saa tatu itakapolia. Mwanamume anatazama saa yake, anahesabu kwa Kizungu, ambapo tatu ni alasiri, anaenda kulala. Fundi anakumbuka susu yake, aliyehesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Anakimbia langoni asubuhi, kivuli chake kikiwa bado kirefu, na gari linaondoka naye. Mwanamume anabaki karne ile hadi kufa. Hadithi nzima ilisimama juu ya kengele hiyo.

Nilichora mkasi mwekundu, ile alama ya X ya walimu, juu ya mnara, nikaandika: KOSA. Wazungu hawahesabu saa kama sisi. Saa tatu yao ni alasiri.

Ijumaa ile tulikutana asubuhi chini ya jengo la ofisi ile, Westlands. Mvua ilikuwa inanyesha tukajibanza mlangoni. Alipitia kurasa moja moja. Kwa muthokoi alicheka. Kwa mnara hakucheka.

"Uko sure?" akauliza.

"Mzungu tangu lini akahesabu saa kama susu?"

"Si unaweza angalia tu kwa simu?"

"Nani kati yetu amesoma historia?"

Akazirudisha karatasi kwenye bahasha, akafunga vizuri. Akasema, "Basi hakuna story." Ilikuwa likizo, nami nilikuwa na mwanafunzi wa kumfundisha nyumbani kwao Spring Valley, na sipendi kuchelewa, kwa hiyo nikamwacha pale mlangoni nikiamini atatafuta namna ya kurekebisha. Hakupanda juu. Nilipomuuliza baada ya wiki, alisema, "Niliachana na hiyo kitu," akaniuliza watoto wanaendeleaje. Kitabu kilitoka bila yeye. Hakuchora tena, nami nikajiambia kwamba watu hukua.

Miaka mitatu ilipita. Ijumaa Kuu mwaka huu nilikuwa nimeketi kanisani, nusu nikisikiliza, nusu nikihesabu makosa ya msomaji. Akafika pale ambapo giza linaifunika nchi kuanzia saa sita hadi saa tisa. Nimeyasikia maneno hayo tangu nikiwa mgongoni mwa mama. Saa sita, jua la utosi. Saa tisa, alasiri. Katika nchi ya watu ambao hawakuwahi kumwona susu.

Nikatoka nje, nikatoa simu, nikafanya kile alichoniomba nifanye siku ile ya mvua. Haikuchukua hata dakika tano. Ulaya ya wakati ule, makanisa yaligonga kengele za sala kwa saa zilizohesabiwa kuanzia macheo: ya tatu asubuhi, ya sita adhuhuri, ya tisa alasiri. Niliona haya. Sikurudi ndani.

Kesho yake nilishuka kwenye bodaboda mlangoni kwake. Alikuwa mezani na mkasi, shule zilikuwa karibu kufunguliwa.

"Sasa, Ticha. Kuna nini mapema hivi?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Kwamba kengele yake ilikuwa sahihi, kwamba kosa lilikuwa langu peke yangu, kwamba anisamehe.

Hakuacha kukata. "Nilijua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Kabla nichore. Unadhani hiyo story niliitoa wapi? Niliuliza padre, akanionyesha kwa kitabu."

"Na mbona hukuniambia?"

Akaweka mkasi chini. "Nilikuuliza kama uko sure. Ukasema uko sure. Nikaona, kama hata wewe huwezi niamini kidogo tu uangalie, hao watu wa huko juu ndio wataniamini?"

Nilimwomba anipe kurasa zile, nizipeleke mimi mwenyewe popote zinapoweza kupelekwa. Akanyoosha kidole mezani. Karatasi ngumu huwa haba kwa fundi, na zile arobaini zilikuwa zimekatwa zote kuwa ruwaza za kukatia nguo: kola, mifuko, mikono ya mashati. Juu ya kitambaa cha buluu, mkono mmoja ulikuwa umelazwa tayari. Niliuona mnara umekatwa katikati, na juu yake mkasi wangu mwekundu, haujafifia.

Nikanyoosha mkono kuuchukua.

"Wacha hiyo," akasema, akiuzungushia chaki polepole. "Hiyo ni sleeve ya saizi thelathini na mbili. Nimeipima mara mbili, Ticha. Haina makosa."